Vibao Visivyo na Maneno

Nimemaliza kazi iliyonichukua majuma matatu, na wala haikuwa stori ya gazeti. Ni CD moja. Ndani yake kuna vibao 20, jumla yake dakika 77, na hakuna hata kimoja ambacho mtu anaimba. Ni ala tupu: magita, vinanda, saksafoni, filimbi, udi na kanuni. Vyote ni vya zamani, vya enzi ambazo hata wazazi wetu wengine walikuwa bado watoto.

Najua kinachofuata. CD? Zama hizi za simu na flashi? Ndiyo, CD, tena sababu ipo. Ni ya Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, mwenye miaka 74, fundi redio mstaafu. Redio yake ya sebuleni inasoma flashi pia, lakini flashi ina nyimbo mia sita na vitufe vidogo vya kutafutia. CD ina mwanzo na mwisho. Unabonyeza kitufe kimoja kikubwa, inaanza. Ikiisha, imekwisha. Tangu alipopata kiharusi mwaka juzi, kitufe kimoja kikubwa ndicho anachokimudu vizuri kwa mkono wa kushoto.

Kiharusi kilimpooza upande wa kulia kikaondoka na maneno yake. Madaktari huiita hali hiyo afasia. Akili iko timamu kabisa. Anajua nani kaingia, anajua nani kaondoka na bisibisi yake hajairudisha. Ila akitaka kusema "chai" linatoka neno jingine, au halitoki kabisa. Kilichobaki ni maneno machache ambayo ulimi umeyazoea maisha yote. Ukimwamkia, "Shikamoo Baba mkubwa," anakujibu "Marahaba" safi, kwa sauti ile ile ya miaka yote. Mgeni asiyejua hudhani mzee kapona. Kisha unakuja ukimya.

Sasa mimi naishi kwa maneno. Kila siku mhariri anataka maneno mia sita kabla ya saa kumi jioni, na mshahara wangu unatoka humo. Nilikuwa nampelekea magazeti, akawa anafunua kurasa, anatazama picha, anayakunja na kuyaweka pembeni. Nyimbo nazo zikawa shida. Mama mkubwa alikuwa akimwekea zilipendwa, zile rumba alizozipenda ujanani. Mzee anaanza kufuatisha, neno linakwama katikati, anapiga meza kwa ngumi, anazima redio. Mpaka siku moja stesheni fulani ikapiga gita tupu kuziba nafasi kati ya vipindi. Akaliacha likaisha, kidole kinapiga mdundo juu ya mkono wa kochi. Mama mkubwa akanipigia simu: "Mwanangu, mtafutie hizo zisizo na maneno."

Haya, ndivyo nilivyopata kazi.

Kwa bahati mzee mwenyewe alikuwa ameshanifundisha ladha hii bila mimi kujua ni somo. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye kibanda chake cha ufundi wakati wa likizo. Akimaliza kutengeneza spika haijaribu kwa wimbo wa kuimba. Alikuwa akisema sauti ya mtu inakudanganya, unafuata maneno unasahau kusikiliza. Alikuwa na kanda maalumu ya ala tupu: besi ikitikisa meza na kengele ndogo ikisikika juu, basi kazi imekwisha, mteja aje na pesa yake.

Kanda ile ilishapotea. Nikaanza upya, nikapata vibao 53. CD ya kawaida inabeba dakika 80 za muziki, haiongezeki hata ukiilazimisha. Kwa hiyo kazi yenyewe haikuwa kutafuta, ilikuwa kukata. Waandishi mnaijua kazi hii: stori ya maneno elfu inapowekwa kwenye nafasi ya mia nne.

Kilichoingia bila mjadala ni "Apache" ya The Shadows, Uingereza, mwaka 1960. Kilitungwa na Jerry Lordan, na gita lake linasimulia hadithi nzima kwa dakika tatu hivi. Vijana wenzangu mtakijua kwa mlango mwingine. Mwaka 1973 kundi la Marekani lililoitwa Incredible Bongo Band lilikirekodi upya na kukijazia ngoma za bongo, na kipande kile cha ngoma ndicho madijei wa Bronx walichokirudiarudia hip hop ilipokuwa inazaliwa. Bongo hiyo si Dar, ni ngoma, lakini ukifuata ukoo wa muziki wetu wa kufokafoka lazima upite hapo. Nikaweka ya 1960, maana mzee ndiyo anayoijua.

"Green Onions" nayo ikaingia. Booker T. Jones alikuwa na miaka 17 tu walipoirekodi Memphis mwaka 1962. Hapo mwanzo iliwekwa upande wa pili wa santuri, upande ambao haukutegemewa kuuza, na upande huo ndio uliouza. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba bendi ile, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na weusi na weupe pamoja, katika mji wa kusini ya Marekani ambako mwaka ule walikuwa hawaruhusiwi kukaa meza moja sehemu nyingi.

"Telstar" ya The Tornados ni ya mwaka huo huo, na jina ni la setilaiti iliyorushwa Julai 1962. Joe Meek aliirekodi nyumbani kwake, kwenye fleti iliyokuwa juu ya duka la bidhaa za ngozi, Holloway Road, London. Ikawafanya kuwa bendi ya kwanza ya Uingereza kushika namba moja Marekani, kabla ya Beatles. Meek hakufaidi: kesi ya madai kwamba ameiba tuni ilizuia malipo yake, akafa mwaka 1967 bila kuyapata. Fundi wa waya na vipuri aliyetengeneza sauti za anga chumbani kwake. Ningemwachaje nje ya CD ya fundi redio?

Tukija Afrika, hapo moyo ndipo uliposhindwa kukata. "Skokiaan" ni ya August Musarurwa wa Bulawayo, enzi hizo Rhodesia ya Kusini. Jina ni la pombe haramu ya mitaani, tuseme binamu wa gongo. Saksafoni yake inapanda na kushuka kama mtu aliyeionja kweli. Mwaka 1954 tuni hiyo ilivamia Marekani, kila bendi ikaipiga, hata Louis Armstrong, na Wamarekani wakaibandikia maneno ya Kiingereza juu ya Afrika ya msituni yenye furaha. Mwaka 1960 Armstrong alipozuru huko walikutana na Musarurwa. Mimi nimeweka ile ya mwenyewe. Haina neno hata moja, na haikuhitaji.

"Grazing in the Grass" ya Hugh Masekela ina kisa kama hicho. Iliandikwa na Philemon Hou, ikafika namba moja Marekani mwaka 1968 ikiwa ni tarumbeta na kengele tu, na mwaka uliofuata kundi jingine likaitilia maneno. Inaelekea watu hawavumilii tuni nzuri ikae kimya. Masekela aliondoka Afrika Kusini mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, akaishi uhamishoni miaka 30. Furaha iliyomo mle ndani ni ya mtu aliyekuwa mbali na kwao, na ukijua hivyo unaisikiliza tofauti.

"Tom Hark" ya Elias and His Zig Zag Jive Flutes, 1958, ilinipa mtihani wa sheria. Ni kwela, filimbi za bei nafuu za vijana wa mitaa ya Johannesburg, na ilifika namba mbili Uingereza. Lakini inaanza kwa maneno. Vijana wanacheza dadu barabarani, wanaona polisi wanakuja, wanaficha dadu na kushika filimbi kana kwamba hawakuwa na habari nyingine. Je, ikatwe? Nikaamua ibaki. Maneno yale si ya kuimba, na hakuna wa kumtaka mzee ayafuatishe. Zaidi ya hapo, watu wanaopiga filimbi kwa sababu hawawezi kusema walichokuwa wakifanya, kwenye CD hii wapo nyumbani.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa sebene. Jamani, nusu ya muziki tulioupenda Tanzania na Kongo ni pale mwimbaji anaponyamaza na magita yakashika usukani. Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuhariri sauti, alikuwa tayari kuzikata zile sehemu tu na kunipa. Nikakaa na wazo hilo siku mbili nikalikataa. Sebene inapendeza kwa sababu ya ulichosubiri. Ukiikata kichwa inabaki kama kicheko bila kichekesho. Na mzee anazijua nyimbo zile: magita yakianza tu, maneno yaliyotangulia yatamjia kichwani, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye ngumi ya meza.

Badala yake kutoka kwetu nikachukua bashraf. Asiyekwenda kwenye taarabu ya kizamani ya Zanzibar pengine hajui: onyesho hufunguliwa kwa tuni ya ala tupu, yenye asili ya Uturuki na iliyotufikia kupitia Misri. Udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki vinatembea pamoja kwa madaha kabla mwimbaji hajasimama. Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club wanazo za kutosha. Nimeiweka namba moja, kwa kuwa kazi ya bashraf ni kufungua mlango.

Ikabaki "Mannenberg". Abdullah Ibrahim, zamani akiitwa Dollar Brand, aliirekodi Cape Town mwaka 1974, na Basil Coetzee akapuliza saksafoni. Jina ni la kitongoji ambako watu waliofukuzwa District Six na maeneo mengine walihamishiwa kwa sheria za ubaguzi. Baadaye ikawa kama wimbo wa taifa wa wapinga ubaguzi, ikipigwa kwenye mikutano yao, bila mtu kulazimika kutamka neno ambalo polisi angeliandika kwenye daftari. Tatizo ni urefu: inapita dakika 13. Kwa nafasi hiyo unaweka vibao vinne vya dakika tatu. Nikaviondoa vinne. Vilikuwa vizuri, na viwili kati yake nilivipenda mimi kuliko mzee. Hilo ndilo lililonirahisishia kazi.

Sasa niseme jambo lililonikosesha usingizi. Nilipomweleza mtaalamu anayemfanyisha mazoezi ya kuongea, aliniambia kwamba nyimbo za maneno ndizo zinazoweza kusaidia. Kuna watu wenye afasia wasioweza kusema sentensi lakini wanaweza kuiimba, na tangu miaka ya 1970 ipo tiba iliyojengwa juu ya jambo hilo. Mama mkubwa akaniangalia, nikamwangalia. Je, nilikuwa namtengenezea mzee kiti cha kupumzikia wakati anatakiwa kutembea?

Tulilizungumza hilo jioni nzima. Tukakubaliana mazoezi yabaki mazoezi: asubuhi, dakika 20, wimbo mmoja wa zamani, polepole, Mama mkubwa akiimba naye mstari kwa mstari. Hasira zikija, zije, ni sehemu ya kazi. CD ni ya jioni. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa ya kutafuta neno "chai" anastahili saa moja na robo ambayo hadaiwi neno na mtu yeyote. Mtaalamu aliposikia akasema huo ni mpango mzuri.

"Take Five" na "Sleep Walk", zote za 1959, zikafuata kwenye orodha ya utulivu. Ya kwanza ni ya Dave Brubeck Quartet, imetungwa na Paul Desmond kwa mapigo matano badala ya manne, na Desmond alipofariki mwaka 1977 aliacha mapato yake kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Kila inapopigwa redioni, kuna mgonjwa mahali fulani anafaidika kidogo. Ya pili ni ya ndugu wawili wa Brooklyn, Santo & Johnny, gita la chuma linaloteleza kama mtu anayeongea usingizini.

Kazi ya mwisho ilikuwa jalada. Kuandika majina kusingesaidia, kwani kusoma nako kumemponyoka kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo nikaandika namba tu, 1 hadi 20, na mbele ya kila namba nikachora chombo: udi, gita, tarumbeta, filimbi, kinanda. Mimi si mchoraji, saksafoni yangu inafanana na bomba la maji, lakini fundi ameielewa. Anaweka kidole kwenye mchoro, Mama mkubwa anabonyeza mpaka ifike.

Kwa miezi mingi watu wa nyumba ile wamekuwa wakimkisia: unataka chai, unataka maji, unataka kulala? Sasa kuna kitu anachokichagua mwenyewe na kinakuja kile kile alichotaka. Wiki hii ameomba namba 7 mara nne. Namba 7 ni filimbi za Johannesburg, wale vijana wa dadu.