Mama Mfuma Sweta wa Ukonga

Mwezi huu tunakupeleka Ukonga, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Safari yetu haikuwa ndefu. Tulipanda daladala Kariakoo asubuhi, na jioni tulikuwa tumekwisha rudi kwa watoto wetu. Lakini tulirudi na neno ambalo tumeona si vema kukaa nalo peke yetu.

Mwenzetu mmoja kazini alikuwa amejifungua. Tulichanga fedha kidogo ili tumpelekee mtoto sweta, kofia na soksi zilizofumwa kwa mkono. Tukaambiwa kwamba huko Ukonga yuko mama mtu mzima ambaye kazi yake ni safi, tena hana bei kali. Tuseme kweli, hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotupandisha daladala.

Njiani

Barabara iendayo Ukonga ni ile ya Nyerere, ambayo wazee wengi wameizoea kwa jina lake la zamani, Barabara ya Pugu. Ukiifuata mbele utafika Pugu, mahali alipofundisha Mwalimu Julius Nyerere hadi mwaka 1955, alipoacha ualimu na kushika kazi ya siasa. Tulipita penye daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, tukapita viwanda, tukapita uwanja wa ndege. Baada ya kituo cha Banana, penye njia ya kwenda Kitunda, kondakta akaanza kuita, "Mombasa! Mombasa wapo?" Mgeni anaweza kushtuka akadhani amepitilizwa mpaka Kenya. Kumbe Mombasa ni kituo cha hapo hapo Ukonga.

Watu wengi wakisikia Ukonga hukumbuka gereza. Ni kweli gereza lipo, na familia za askari wake zimeishi hapo miaka mingi. Lakini Ukonga ni zaidi ya gereza. Ukiingia ndani ya mitaa utakuta nyumba zilizobanana, mwembe hapa na mgomba pale, akina mama wakikaanga maandazi, na ndege zikipita juu ya mapaa hata mazungumzo yanasimama kidogo.

Barazani

Tulimkuta mwenyeji wetu barazani. Tulipiga hodi, tukatoa shikamoo. "Marahaba wanangu, karibuni," alijibu, wala mikono haikusimama. Donge la uzi alikuwa ameliweka ndani ya sufuria kuukuu isiyo na mfuniko. Alipotuona tunaitazama alicheka, akasema kwamba uzi ukiwa sakafuni huviringika mpaka mavumbini na kuku huucheza. Ndani ya sufuria hutulia.

Ametuomba tusiandike jina lake, nasi tumeheshimu. Alizaliwa Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali hata umande huganda juu ya majani. Kufuma alijifunza shuleni, katika masomo ya sayansi kimu. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli ya baba yake, zilizonolewa ncha kwa kusuguliwa juu ya jiwe. Alipoolewa na kuletwa Dar es Salaam, majirani walimcheka. Sweta kwenye joto hili, atamuuzia nani?

Wateja walikuwapo. Kwanza ni watoto wachanga. Hata hapa pwani mtoto aliyetoka tumboni hupoteza joto upesi, hasa kichwani, na zaidi akiwa amezaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana wauguzi husisitiza akaushwe mara moja, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na avishwe kofia. Pili ni sare za shule. Mwezi wa Desemba na Januari wazazi hutafuta sweta za wanafunzi, na kwa kazi hiyo yeye hutumia mashine ya kufumia aliyoinunua kwa fedha za upatu. Tatu ni wasafiri waendao Mbeya, Lushoto na Arusha wakati wa kipupwe. Zamani walikuwapo pia wenye kutaka vitambaa vya makochi na cha kufunika redio, ambavyo hufumwa kwa sindano moja yenye ndoano. Siku hizi vitambaa hivyo huagizwa mara chache, zaidi kwa zawadi za kicheni pati.

Sufu na uzi wa dukani

Tulidhani uzi wote wa sweta ni manyoya ya kondoo. Mwenyeji wetu alitusahihisha. Kondoo wetu wengi hapa Tanzania ni wa nywele fupi na mkia wa mafuta, si wa kukatwa sufu. Kondoo wa sufu wanataka baridi. Kule Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kipo kikundi cha wanawake kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanisa la Presbiteri. Wao husokota sufu yenyewe kwa gurudumu, kisha huifuma mazulia. Lakini uzi mwingi unaouzwa katika maduka ya Kariakoo ni akriliki, ambao hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Si uzi mbaya. Bei yake ni nafuu, na haujikunji ukifuliwa.

Utaujuaje? Alikata vipande viwili, akaviwasha kimoja kimoja juu ya kigae. Cha sufu kilitoa harufu ya nywele zilizoungua, kikabaki jivu la kusagika vidoleni. Cha akriliki kiliyeyuka, kikawa kijipunje kigumu cheusi. Dada, ukijaribu nyumbani, fanya mbali na watoto.

Haya mengine tuliyaandika kwa faida yako:

Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, bila kusugua. Maji ya moto yataikunja, na sweta la baba litamtosha mtoto.

Akriliki isipigwe pasi ya moto, maana hulegea na kupoteza umbo lake.

Sweta lolote lianikwe kwa kulazwa juu ya taulo. Likining'inizwa kwenye kamba hurefuka.

Mtoto mchanga avishwe kwanza shati jepesi la pamba, ndipo sweta. Ukigusa shingo yake ukakuta jasho, mvue. Joto likizidi ni hatari kama baridi.

Usikubali utepe mrefu shingoni wala kifungo kinacholegea. Kimoja humnyonga mtoto, kingine humezwa.

Usiku wa mabomu

Tulimwuliza kama kazi hii imewahi kumchosha. Akatusimulia usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, jirani kabisa na Ukonga. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Maelfu walikimbia gizani, wazazi wakapotezana na watoto wao.

Yeye alikuwa anafuma. Alimfunga mjukuu mgongoni akatoka mbio, na alipofika mbali ndipo akagundua kwamba mkononi ameshika mfuko wa kazi. Hakubeba fedha wala hati ya nyumba. Karibu naye alikaa mama kijana aliyekuwa akimwogesha mwanawe mlipuko ulipoanza. Mtoto alikuwa mtupu, amefunikwa na ncha ya khanga tu. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta la mteja, lililobaki kushonwa vifungo. "Nilimvika," alisema. "Mteja nilimfumia jingine. Hilo sikuliandika kwenye daftari."

Daftari

Neno daftari lilitushangaza, tukauliza. Kumbe binti yake wa mwisho, aliyesomea uhasibu, alikuja likizo akamwuliza mama yake swali moja: seti moja ya mtoto inakuchukua muda gani? Mama hakujua. Alikuwa amefuma zaidi ya miaka 30 bila kuhesabu saa, kwa sababu kufuma alikuona kama kupumzika. Binti akamnunulia daftari. Kila aketipo na kila asimamapo anaandika. Bei ya uzi, nauli ya Kariakoo na vifungo, vyote anaandika.

Baada ya miezi mitatu walikaa wakajumlisha. Seti moja ilikula siku tatu. Bei aliyokuwa akitoza ilirudisha uzi, nauli na vifungo, na kilichobaki hakikutosha unga wa siku moja. Miaka yote hiyo alidhani anafanya biashara, kumbe alikuwa akigawa siku zake bure. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Akapandisha bei. Wateja wakapungua, na walioondoka kwanza, alisema kwa sauti ya chini, ni wenzake wa kanisani. Mmoja aliacha hata kumsalimu. Wengine walimkumbusha habari za Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea watu nguo kwa upendo. "Dorkasi alivalisha wajane," alituambia. "Wajane nami nawafumia, na siwadai. Lakini hawa wanaonihubiria Dorkasi wanakuja na magari."

Tulicheka sana. Kisha tukauliza bei ya seti tuliyoifuata. Akaitaja. Nasi, msomaji, bila hata kutazamana, tukasema kwa pamoja lile neno tulilolizoea: "Mama, hutupunguzii?"

Hakukasirika. Aliichukua kofia iliyokuwa bado kwenye sindano, akatuwekea mapajani. "Hesabuni vitanzi vya mstari mmoja." Tukahesabu, 64. "Sasa hesabuni mistari mpaka pale ninapoanza kupunguza utosini." Ilikuwa 40. Mmoja wetu alitoa kalamu akazidisha, tukapata vitanzi 2,560. Na hiyo ni kofia tu, kabla ya utosi, kabla ya sweta, kabla ya soksi mbili.

"Haya wanangu," alisema kwa upole. "Nipunguze. Semeni niache vitanzi vingapi?"

Tulinyamaza. Ndege ikapita juu, tukamshukuru Mungu kwa kelele zake. Kisha tukalipa bei aliyoitaja.

Neno letu kwako

Mpendwa, sote tunaipenda sura ya 31 ya Mithali. Huwa tunaisoma kwenye sherehe za akina mama na kwenye send-off za mabinti zetu. Mwanamke yule anaanza kwa kutafuta sufu na kitani, na kufanya kazi kwa mikono yake kwa moyo. Lakini je, tumeusoma mwisho wake? Sura hiyo haimwachi na sifa tu. Inaagiza apewe pato la mikono yake. Sisi huanza na sufu, tukaishia kwenye sifa, na pato tukalisahau.

Dukani penye bei iliyobandikwa tunalipa kimya. Kwa mama aliyekaa barazani, tunayemwita dada katika Bwana, ndiko tunakoombea kupunguziwa, tena mara nyingine kwa jina la upendo. Kama fedha yako haitoshi, mwambie wazi. Agiza kofia peke yake, au lipa kidogo kidogo hadi mtoto azaliwe. Huo si unyonge. Unyonge ni kuzichukua siku tatu za mwenzako kana kwamba zilikuwa za bure.

Nawe ambaye hufuma, hushona, husuka au huoka keki nyumbani, nunua daftari wiki hii. Andika saa zako kabla hujaandika bei. Mwonyeshe baba watoto ukurasa huo. Huenda naye hajui, kama mama yetu wa Ukonga naye alivyokuwa hajui. Na ukitaka kutoa bure, toa kwa furaha ukijua unachokitoa.

Tuliondoka jua likielekea Pugu. Mwenyeji wetu alitusindikiza hadi kituoni na mfuko wake kwapani, akafuma mstari mmoja na nusu wakati tukingoja daladala. Mtoto wa mwenzetu amevaa kofia yake, imemkaa vizuri. Kila tukimbeba tunagusa vile vitanzi kwa vidole, wala hakuna tena anayesema vilikuwa ghali.

Mungu azibariki kazi za mikono yako. Tukutane toleo lijalo.