Mashini Yetu Inapovuta Hewa Pembeni

Hapa Idjwi mashini ya kusaga ikisimama, mihogo inarudi kwenye kinu cha mikono na wasichana wanachelewa masomo. Kumwita fundi toka Bukavu ni kulipa pia mtumbwi wake. Kwa hiyo tulibadilisha wenyewe karatasi inayoziba kati ya bomba la kuingiza hewa na kichwa cha injini. Ikipasuka, hewa nyingine haipiti tena kwenye chujio: vumbi la unga linaingia na kuila silinda pole pole, mpaka mashini inakosa nguvu.

Tulizima, tukangoja ipoe. Tulifungua nati, tukaziba tundu kwa kitambaa safi, ndipo tukakwangua mabaki ya zamani. Tulikata karatasi mpya ya injini kwa kufuata umbo la bomba. Tukatoa kitambaa, tukakaza nati kidogo kidogo, zote kwa zamu. Tulipowasha, ule mluzi haukusikika tena.

Pesa ya fundi imebaki kwenye sanduku letu. Wengine waliuliza: "Mwanaume wa kusimamia yuko wapi?" Tuliwapimia unga wao. Juma hili, mama mwingine aje ajifunze kushika ufunguo.