Gari la Dizeli Linapokosa Nguvu

Akina mama wengi tumezoea kuliona gari kuwa ni jambo la baba na fundi. Lakini likiharibika, fedha za kulitengeneza hutoka katika mfuko ule ule wa ada, unga na matibabu. Hivyo si vibaya mama akajua mambo machache. Hatusemi ashike spana, bali ajue maswali ya kuuliza kabla fedha hazijatoka mkononi.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa akija akisema, "Sina nguvu," hatumkimbizi chumba cha upasuaji. Nguvu hupungua kwa njaa, kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa ugonjwa wa kifua. Kwanza tunamwuliza, kisha tunamtazama, tunampima, ndipo tunampa dawa. Gari la dizeli nalo lahitaji mpango huo huo.

Mambo matatu

Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, na ile ya kwanza kufanya kazi vizuri ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe.

Basi injini hii yataka mambo matatu: hewa ya kutosha, dizeli safi ya kutosha, na mbano mzuri ndani ya silinda. Tena moshi uwe na njia ya kutokea. Kimoja kikipungua, mafundi husema gari "halivuti".

Yaliyotukuta

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa, hapa Iringa, kina pikapu ya dizeli ya zamani, isiyo na tabo. Kila mwezi hutupeleka vijijini kupima watoto uzito na kuzungumza na mama zao juu ya lishe. Ikaanza kuchoka. Siku moja, tukitoka Morogoro, tuliupanda Mlima Kitonga kwa gia ya kwanza, huku magari yamepanga foleni nyuma yetu.

Fundi wa gereji moja aliisikiliza dakika chache akasema injini imekwisha, ishushwe na kufunguliwa yote. Fedha alizotaja zilizidi akiba yetu yote. Kuzitoa kulikuwa ni kusimamisha safari za vijijini kwa miezi mingi, na kuna mama huko ambao mizani yetu ndiyo pekee iliyo karibu nao. Tukaomba muda wa kufikiri.

Tukaketi na dereva, tukamwuliza kama tunavyomwuliza mgonjwa. Hali hii ilianza lini? Ghafla au pole pole? Kwenye tambarare gari linakwendaje? Asubuhi linawaka vipi? Moshi ni wa rangi gani? Mafuta yaliwekwa wapi mara ya mwisho?

Majibu yake yalitufungua macho. Hali ilianza wiki moja baada ya kununua dizeli ya madumu kijijini. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa pole, gari lilikwenda vizuri. Nguvu zilikatika mlimani tu. Moshi haukuwa mwingi. Tena asubuhi liliwaka mara moja, na asubuhi za Iringa mnazijua kwa baridi! Injini iliyopoteza mbano haiwaki kirahisi namna hiyo.

Moshi unavyosema

Moshi mweusi mwingi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: pengine chujio la hewa limeziba kwa vumbi, au nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza. Kwa gari lenye tabo, pengine mpira wa kupeleka hewa umepasuka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyowaka vizuri, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda. Na gari lisilo na nguvu wala moshi mwingi, aghalabu lina njaa: dizeli haifiki ya kutosha.

Tukumbuke pia kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo tulilinganisha gari letu na lilivyokuwa zamani katika mlima ule ule, wala si na gari la jirani.

Vya bei nafuu kwanza

Tulimpata mzee mmoja fundi aliyekubali kuanza na vitu vya bei nafuu. Alitazama chujio la hewa. Alihakikisha kwamba pedeli ikikanyagwa hadi chini, waya wake unavuta mpaka mwisho. Alizungusha magurudumu kuona kama breki zinashika. Alijaribu klachi, maana ikiteleza injini hunguruma na gari lisiende. Vyote vilikuwa vizima.

Kisha akafungua chujio la dizeli. Lilikuwa jeusi, na chini yake kulikuwa na maji. Akaweka jipya, gari likavuta kama zamani. Siku ya tatu likachoka tena.

Wodini, homa ikishuka kwa dawa kisha ikarudi, hatusemi mgonjwa amepona, tunatafuta chanzo. Mzee naye akafanya hivyo. Alifungua mipira ya kwenda na kurudi tangini, akaweka mingine iliyoingia katika dumu la dizeli safi, akalifunga dumu imara. Tukapanda kilima cha karibu. Gari lilipanda bila taabu.

"Mama zangu," akasema, "injini haina ugonjwa. Koo ndilo limeziba."

Tangi liliposhushwa, chujio dogo lililo ndani yake lilikuwa limejaa matope. Likaoshwa, chujio la dizeli likabadilishwa tena, na kazi ikaishia hapo. Gharama yote haikufika hata robo ya akiba yetu. Mwezi uliofuata tulikwenda vijijini kama kawaida.

Tahadhari

Dizeli ya madumu tuiogope. Iweke katika chupa nyeupe, iache itulie. Maji na uchafu hushuka chini. Mafuta ya taa yakichanganywa humo hayaonekani kwa macho, nayo huila pampu, kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji huo, lakini kununua kwenye kituo unachokiamini bado ni kinga bora.

Magari mapya yana kompyuta. Likiona hitilafu huwasha taa na kujipunguzia nguvu lenyewe. Hapo mwombe fundi alipime kwa mashine kabla ya kubadilisha chochote, na uulize mashine imesema nini.

La mwisho ni la kiuguzi. Mtu yeyote nyumbani asipapase mabomba ya nozeli kwa kidole akitafuta panapovuja huku injini inawaka. Dizeli hutoka pale kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda huwa kama cha sindano, maumivu kidogo, na mtu hudhani si kitu. Kumbe dizeli inasambaa ndani na kuua nyama. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka, na daktari aambiwe wazi kilichomwingia. Kuchelewa kumewapotezea watu vidole, hata mkono.

Basi, mama, siku fundi atakaposema injini ishushwe, usibishane naye. Mwulize kwa upole: "Umepima nini, na umeona nini?" Fundi mwema atafurahi kukueleza. Asiyeweza kujibu, mwombe funguo zako.