Injini ya Kiganjani

Ipo injini ya dizeli iliyo ndogo hata mtoto aweza kuifumbata kiganjani, nayo haina plagi, haina betri wala waya. Kazi yake ni kurusha vindege vya mfano. Injini za namna hii zilianzia Uswisi, na vita vilipokwisha, mwaka 1946, Waingereza nao walianza kuuza yao iliyoitwa Mills, yenye ujazo wa sentimita 1.3 tu. Lakini wengi hawakutaka ya dukani. Walitaka kuiunda wenyewe, nyumbani kwao, wakifuata michoro ya mabingwa kama Lawrence Sparey, aliyebuni injini ya sentimita za ujazo 5.

Hebu tumfikirie mmoja wa watu hao, mwenye mke na mwana wa miaka kumi, na nyuma ya nyumba kibanda chenye mashine ya kukereza chuma inayoendeshwa kwa mguu. Amemwahidi mwanawe kwamba Jumapili kindege kitaruka kwa injini iliyotoka mikononi mwa baba. Mbawa zimekwisha kuundwa na kubandikwa karatasi. Mtoto amekwisha kuwatangazia wenzake mtaa mzima.

Nyumba ya krenki aliimaliza bila taabu, na krenki yenyewe akaichonga kwa pande moja la chuma cha pua. Taabu iko kwenye silinda. Pistoni ya injini hii haina ringi. Kinachozuia hewa isivuje ni ule ukaribu wa chuma na chuma, na nafasi iliyopo kati yake haifiki unene wa unywele. Hapo mashine ya kukereza haitoshi. Hapana budi silinda isuguliwe ndani kwa kijiti cha shaba kilichopakwa unga wa msasa na mafuta, taratibu, huku ikioshwa na kupimwa tena na tena. Aliyezidisha hawezi kurudisha. Chuma kilichokwisha kuliwa hakioti.

Naye alizidisha. Jioni ya Ijumaa pistoni iliteleza ndani ya silinda kwa ulaini wa kupendeza, mtoto akashangilia, na baba akajua kazi imeharibika. Ilipasa iingie kwa ubishi, na ikaribiapo juu ikaze kabisa. Alipoziba mdomo wa silinda kwa kidole na kuisukuma pistoni, hewa ilipenya pembeni.

Kwa nini kosa lisiloonekana kwa macho liwe kubwa namna hiyo? Kwa sababu injini hii huwaka kwa mgandamizo peke yake. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto, na joto hilo ndilo kiberiti chake. Hewa ikivuja, joto halipatikani. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliingiza mafuta kwa nguvu baada ya hewa kubanwa. Hii ndogo huyachanganya mapema katika kabureta, kwa hiyo wajuao husema jina la dizeli imeazimwa tu. Mafuta yake ni mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, takriban thuluthi kwa thuluthi. Etha huwaka upesi, mafuta ya taa hutoa nguvu, na nyonyo hulainisha. Nyonyo ni yale yale waliyonyweshwa watoto tumbo lilipofunga, na harufu yake haimtoki mtu nguoni. Mama wa nyumba hiyo alikataza chupa isivuke mlango wa jiko, na alikuwa na haki: mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uufikie moto ulio mbali.

Usiku ule baba alikuwa na njia ya kuponea. Dukani zilikuwapo injini tayari. Angeweza kununua moja Jumamosi, akaifunga puani mwa kindege, na mtoto wa miaka kumi asingetambua. Fedha alikuwa nazo. Kulipopambazuka alimwita mwanawe kibandani, akampa silinda iliyoharibika aiziba kwa kidole chake mwenyewe, asikie hewa ikitoroka. Kisha akamwambia kwamba Jumapili hawataruka. Mtoto alilia, akaenda kuwakabili wenzake.

Silinda ya pili ilichukua majuma matatu. Injini ilipofungwa juu ya meza, baba alijaza mafuta, akalegeza parafujo ya juu ya silinda ambayo hupunguza mgandamizo, kwani mafuta yakijaa ndani huku mgandamizo umekazwa, fimbo ya pistoni yaweza kupinda. Akaipiga rafadha kwa kidole. Kimya. Akakaza parafujo kidogo, akapiga tena. Mara ya arobaini hivi rafadha ilimrudi ikampasua ngozi ya kidole, na damu ikatiririka juu ya meza. Mtoto akaomba ajaribu yeye. Baba akamfunga kidole kwa kitambaa kinene, akakaza parafujo robo ya mzunguko, akajitenga nyuma.

Injini ikalia sekunde kumi na mbili, ikatapika mafuta meusi juu ya mashati yao wote wawili, ikazimika kwa kuishiwa. Mtoto alikuwa amekwisha kuichukua chupa ya mafuta.