Kanda za Harusi za Juma Bhalo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa Kibokoni, na siku hizo harusi ya Mji wa Kale wa Mombasa hainogi mpaka apatikane mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo. Baada ya sala ya Isha njia ilifungwa, viti vikapangwa, kahawa na halua zikapitishwa. Wanaume walijaa mpaka kwenye mabaraza ya majirani, na wanawake wakasikilizia madirishani.

Nilipenda kukaa karibu na wapigaji, kwani hapo ndipo paliporekodiwa. Redio kaseti iliwekwa juu ya kiti, na maikrofoni yake ndogo ikafungwa kwa utepe kwenye ile ya mwimbaji. Mwenye redio alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha macho yake hayabanduki kwenye kile kidirisha cha kanda. Kanda ya dakika 90 hushika dakika 45 kila upande. Wimbo ukikatikia hapo, ndio basi.

Bhalo, mzaliwa wa Malindi wa mwaka 1942, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Mengi aliandikiwa na nduguye, Ustadh Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Kinanda kilitangulia, tabla ikafuata, naye akaupandisha ubeti. Mara mtu huinuka kwa madaha, noti mkononi, aende akamtunze. Mshororo uliowachoma watu ulirudiwa hata mara tatu, nne. Santuri, kwa dakika zake chache, haikuwa na nafasi ya hayo. Kanda iliyabeba yote: vifijo, vikombe vya kahawa vikigongana, na sauti ya mtu akipaza, "Rudia!"

Haukupita muda nakala zikawa madukani. Duka la Mbwana Radio Service ndilo lililovuma zaidi. Jamaa zetu walioko Maskati na Dubai walitumiwa zao, wakaisikia harusi ya kwao wakiwa ughaibuni.

Bhalo alistaafu mwaka 2007 na kufariki Aprili 2014. Kwangu mimi, kanda hizo ndizo kazi yake bora, kwa sababu ndani yake yumo yeye pamoja na mji uliomsikiliza. Lakini joto na unyevu wa pwani vinazila. Ewe mwenye kanda kabatini, ipeleke ikanakiliwe sasa, na uandike juu yake jina la mtunzi, la mtaa, na mwaka. Wanaoyakumbuka hayo tunapungua.