Alhamisi ya Tatu ya Novemba

Novemba iliyopita mhariri wangu alinituma hoteli moja ya Posta kuripoti ufunguzi wa mvinyo mpya wa Kifaransa, Beaujolais Nouveau. "Nenda wewe Mgogo, zabibu mnazijua," akasema, ofisi nzima ikacheka. Nikavaa shati la maana, nikaenda.

Kanisani tunasema divai, baa tunasema waini, gazetini naandika mvinyo. Huu wa usiku ule ulikuwa mchanga kabisa, zabibu zake zilikuwa shambani miezi michache tu nyuma. Zinaitwa Gamay. Hazipondwi. Mashada yanatiwa kwenye tangi yakiwa mazima, tangi linafungwa, hewa ya ukaa inajaa, na zabibu zinaanza kuchacha zikiwa bado ndani ya maganda yake. Za chini zinapondeka zenyewe kwa uzito wa za juu. Baada ya wiki chache tu, watu wanakunywa.

Mwenyeji wetu alisimulia historia, na hapo ndipo nilipoacha kuangalia saa. Mwaka 1951 serikali ya Ufaransa ilitaka mvinyo wenye jina la eneo usiuzwe kabla ya 15 Desemba. Wakulima wa Beaujolais wakapiga kelele, na Novemba ya mwaka huohuo wakaruhusiwa kuuza mapema. Mwaka 1967 tarehe ikawekwa 15 Novemba. Kuanzia 1985 ikawa Alhamisi ya tatu ya Novemba, dunia nzima siku moja. Mkulima anapata hela mapema, mnywaji ndiye anayesubiri tarehe.

Nikanusa glasi. Harufu ile nilikuwa naijua, na sikuijulia hotelini.

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma. Kule mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, Wafaransa hawana bahati hiyo. Miaka sita iliyopita niliandika makala nikaiita zabibu dhahabu ya Dodoma. Shangazi alisomewa ile makala na binti yake, akaenda kuongeza nusu eka. Sikumwambia apande. Ila jina lililokuwa juu ya makala lilikuwa langu.

Septemba ile kabla ya sherehe, kiwanda kimoja alichozoea kukiuzia kilimwambia asubiri wiki mbili, matangi yamejaa. Zikaisha mbili, akaambiwa mbili nyingine. Zabibu zikiiva hazijui habari ya matangi. Nyuki walishafika, ndege walishafika. Akanipigia: "Baba, nakuletea huko Dar. Wewe una watu."

Mimi watu ninao wa kuhoji, wa kununua sina. Lakini utamwambiaje shangazi? Kreti thelathini zilipanda lori usiku, lori likaharibika njiani, likaingia Kariakoo saa tano asubuhi badala ya alfajiri. Kila anayejua soko anajua maana yake: wachuuzi wameshachukua mzigo wao, wameshatawanyika mitaani na mabeseni. Tukashushia pembeni mwa Mtaa wa Nyamwezi, juani, mimi na kijana mmoja wa kubeba mizigo.

Wateja walionja, wakatema mbegu. "Hizi za mvinyo bwana, sisi tunataka za kula." Tuliuza kilo moja moja, bei ikishuka kila saa. Jioni kreti za chini zilikuwa zinavuja maji mekundu kwenye lami, nzi wamejaa. Yule kijana akainama, akanusa, akaniambia, "Braza, mzigo umeshaanza kuchacha. Hii sasa ni pombe."

Kweli ilikuwa pombe. Mashada mazima, za chini zimepondwa na za juu, zinachacha ndani ya maganda. Mvinyo mchanga wa Mpunguzi uliwasili Kariakoo siku ya Jumanne, hakuna aliyealikwa.

Shangazi nilimtumia hela ya kreti kumi na moja. Nikaongezea kidogo ya mfukoni, nikadanganya kwamba ni ya kumi na sita. Alikuwa na deni la dawa ya ukungu na ada ya mjukuu. Akasema, "Mungu akubariki, baba," na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Pale hotelini nilimaliza glasi yangu. Ilikuwa nyepesi, tamu ya matunda, nzuri tu, sitaki kuisingizia. Niliandika ripoti, nikaweka aya mbili kuhusu Dodoma. Mhariri akazikata: "Zina habari yake, ziandikie siku nyingine."

Ndiyo hii sasa. Juzi Shangazi kapiga tena. Mizabibu imeshika vizuri, mwezi wa tatu anavuna. Kiwanda hakijamwambia siku. Nilimweleza habari ya Wafaransa na Alhamisi yao, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na hao walipopiga kelele, walimpigia nani?"

Nikamwambia nitamtafutia jibu. Halafu nikampigia yule kijana wa Kariakoo. Amesema tuje, ila mzigo ufike kabla ya saa kumi na moja alfajiri.