Shabiki, Santuri na Suala la Ubora: Hukumu za Msikilizaji Mmoja wa Eldoret

Nchini Kenya, nyimbo za dansi za miaka ya 1960 hadi ya 1980 huitwa "zilizopendwa". Istilahi hii imezoeleka mno redioni na katika kumbi za starehe hivi kwamba ni nadra mtu kuutafakari muundo wake. Ni kitenzi cha kutendwa, kilichotiwa kiambishi cha wakati uliopita pamoja na kirejeshi. Kinadokeza kwamba kupenda kwenyewe kumekwisha, na waliopenda hakiwataji. Yuko msikilizaji mmoja mjini Eldoret anayelikataa neno hilo kwa hoja ambayo mwanasarufi yeyote angeikubali: kitu ambacho mtu angali anakipenda hakiwezi kuitwa kilichopendwa.

Msikilizaji huyu ni fundi wa redio. Kwa zaidi ya miaka 40 ametia lehemu nyaya za redio, gramafoni na spika katika kibanda kisicho mbali na barabara ya Uganda, na nyuma ya meza yake zimepangwa santuri ambazo wenyewe walizileta pamoja na gramafoni mbovu wasirudi kuzichukua. Hakupata kusomea fasihi. Hata hivyo ana hukumu zake juu ya nyimbo, huzitoa bila kusitasita, na huzitetea kwa ushahidi anaouamini peke yake, yaani kuuweka wimbo wenyewe chini ya sindano na kumtaka mpinzani anyamaze mpaka uishe.

Haikosi maana kwamba shabiki wa namna hii anapatikana Eldoret. Mji huu, ambao wenyeji wangali wakiuita Sitini na Nne na ambao ulitangazwa kuwa jiji mwaka 2024, ni mji wa njia. Reli iliufikia mwaka 1924, na malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na Kongo hupita humo usiku na mchana. Mkulima wa ngano, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na, tangu mwaka 1984, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, wote wamepata kusikia katika duka moja nyimbo za Kikalenjin za Kipchamba arap Tapotuk, rumba ya Kilingala, Kiswahili cha Nairobi, na zile nyimbo za mashambani za Marekani, za kina Jim Reeves na Kenny Rogers, ambazo nyanda za juu za Kenya zimezifanya kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya ng'ombe wa huko. Masikio yaliyolelewa katika mchanganyiko huo hayana budi kulinganisha.

Kulinganisha ndiyo kazi ya mhakiki, na hapo ndipo shabiki huyu anapozua swali gumu. Aghalabu, wimbo wa dansi unapoingia katika uhakiki wa Kiswahili vyuoni, kwanza hunakiliwa maneno yake, kisha hutafutiwa dhamira na kuainishiwa tamathali kama shairi lililotokea kuwa na gitaa. Utaratibu huo ni halali na una manufaa. Lakini kwa fundi wetu maneno yaliyonakiliwa ni maiti ya wimbo. Je, yeye ndiye aliyekosa nidhamu ya uchambuzi, au ni uchambuzi uliokosa masikio?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Malaika". Wimbo huu ulirekodiwa na Fadhili William, mzaliwa wa Taita, mnamo mwaka 1960, kisha ukachukuliwa na waimbaji wengi, miongoni mwao Miriam Makeba, aliyeuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M mwaka 1981. Kisa chake ni chepesi: kijana anampenda msichana na angependa kumwoa, ila hana mali. Shabiki anashikilia kwamba toleo la Fadhili halijashindwa, na sababu yake si uzalendo. Sauti ya Makeba, asema, ni tajiri mno. Anayeisikia haamini kwamba mwenye sauti ile anaweza kupungukiwa na chochote. Fadhili huimba kama mtu aliyekwisha kuzihesabu senti zake na kujua hazitoshi.

Hoja hiyo huweza kuendelezwa kwa istilahi za taaluma. Nafsineni ya "Malaika" ni mwanamume anayetakiwa kutoa mahari. Uzito wa malalamiko yake umo katika desturi hiyo. Nafsineni hiyo inapohamia katika kinywa cha mwanamke, mantiki ya kisa hulegea, kwa kuwa mwanamke hatakiwi kuyatoa mahari hayo, na umaskini uliokuwa sababu ya kilio hugeuka kuwa huzuni ya jumla isiyo na chanzo. Kwa upande mwingine, ni huzuni hiyo ya jumla iliyouwezesha wimbo kuvuka bahari, kwani msikilizaji asiyejua Kiswahili haulizi mahari ni kiasi gani. Kilichoupa wimbo ulimwengu ndicho kilichoupokonya kisa chake. Maneno yaliyonakiliwa hayawezi kuufichua mgeuko huu, kwa sababu katika karatasi maneno ni takriban yale yale.

Kuna na suala la mwenye wimbo. Fadhili William aliyefariki mwaka 2001 alijitambulisha kuwa ndiye mtunzi. Wengine wanamtaja Adam Salim, wakisema aliutunga mwaka 1945. Shabiki hana subira na mgogoro huo. Kwake, wimbo ni wa yule aliyeuimba ukaaminika. Msimamo huu unakaribiana na ule wa fasihi simulizi, ambamo fanani hahesabiwi kuwa mwizi kwa kusimulia ngano ya bibi yake. Lakini ngano haikuwa ikiuzwa kwa sahani. Pindi santuri ilipoanza kuleta fedha, jina linaloandikwa katikati ya duara lile la karatasi likawa na bei, na kuukwepa mjadala wa umiliki kwa jina la mapokeo ni kumpa haki aliyefika kwanza studioni. Ni kinaya kikali kwamba mgogoro wa mali ukaufika wimbo ambao kilio chake ni kukosa mali. Hapa shabiki hana budi kupingwa.

Kuhusu nyimbo zilizosafiri, anayo kanuni moja: wimbo wenye mzigo mdogo wa maneno ndio ufikao mbali. Ushahidi wake wa kwanza ni "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, ambao kundi la Kiingereza la The Tremeloes liliurekodi na kuuingiza katika chati za Uingereza mwaka 1968. Wa pili ni "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, kundi lililoanzia Mombasa. Uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982, nao Boney M wakauchukua mwaka uliofuata. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakiuonea haya wimbo huu wa pili. Husema kwamba hakuna Mswahili asalimiaye kwa "jambo" tupu. Husemwa "hujambo", na jibu ni "sijambo". Kwa hiyo wimbo umeifundisha dunia Kiswahili cha watalii. Fundi hulijibu shutuma hilo kwa mfano wa nyumba: wimbo ule ni wa mlangoni, na wimbo wa mlangoni hauhukumiwi kwa adabu za chumbani. Ulitungwa kumpokea mgeni, na mgeni hupokewa kwa maneno anayoyaweza.

Jibu hili lina hekima ya kifani, kwani linautaka uhakiki uulize wimbo unasemwa na nani kwa nani kabla ya kuupima kwa sarufi. Hata hivyo linaacha swali bila kulijibu. Iwapo mgeni amekaa mlangoni tangu mwaka 1982 wala hajaonyeshwa chumba kingine, kosa ni la wimbo au la mwenyeji?

Kanuni yake ya mzigo mdogo huingia mashakani anapofika kwenye muziki wa roki, ambao kwa jumla humchosha. Katika "Bohemian Rhapsody" ya kundi la Queen, iliyotolewa mwaka 1975 na yenye urefu wa karibu dakika 6, kuna neno moja ambalo humfanya ainue kichwa kutoka kwenye kazi yake: "Bismillah". Alipoambiwa kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara katika jamaa ya Waparsi, na kwamba waliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alihitimisha papo hapo kwamba neno lile ni Unguja iliyobaki mfukoni mwa msafiri. Mhakiki mwangalifu atasita. Neno hilo linajulikana pande nyingi za dunia, na wasifu wa mtunzi si ufunguo wa kila kufuli. Pamoja na hayo, usikivu wa fundi umegundua jambo la kweli kuhusu upokezi: kwa hadhira ya Kiswahili neno hilo moja hubadilisha umbali uliopo kati ya msikilizaji na wimbo, awe mtunzi alikusudia au hakukusudia.

Wimbo anaouweka juu ya yote haukupata kuvuma Ulaya. Ni "Lunchtime" wa Gabriel Omolo, wa miaka ya mwanzo ya 1970. Maudhui yake ni saa ya chakula cha mchana jijini: wafanyakazi hutoka ofisini pamoja, lakini wakati mwezi umefika katikati wapo waendao kujilaza uwanjani wakisingizia mapumziko, kumbe mfuko umekauka, mwisho wa mwezi hao hao huonekana hotelini. Shabiki huusifu kwa sababu hautoi hotuba. Haumlaani mwajiri wala haumhurumii mfanyakazi, bali huwatazama watu na kucheka kidogo, na anayechekwa hujikuta akicheza. Hicho ndicho kinaya katika ukamilifu wake. La kuzingatia pia ni kwamba jina la Kiingereza halikuingia kwa upungufu wa msamiati. Saa ile ilikuwa ya ofisi, na ofisi ilihesabu muda kwa Kiingereza. Njaa ndiyo iliyosimuliwa kwa Kiswahili. Wimbo kama huu haungeweza kusafiri bila msikilizaji wake, kwa kuwa nusu ya maana yake imo katika tumbo la anayeusikia.

Lakini hukumu iliyomgharimu shabiki huyu ni ile ya "Kasongo", wa Orchestra Super Mazembe, kundi lililotoka Zaire na kufanya makao Kenya katika miaka ya 1970. Kwa miaka mingi aliupiga wimbo huo katika harusi alikokodiwa na spika zake, na maharusi wakaingia ukumbini kwa gitaa lile. Kilingala hakijui. Siku moja dereva wa lori aliyekijua alimwuliza, kwa heshima, "Mzee fundi, mbona harusini mnaweka kilio?" Akamfafanulia kwamba anayesema katika wimbo ni mke anayemsihi mumewe arudi katika ndoa. Tangu hapo hajaupiga tena harusini, na wateja kadhaa wamemwacha wakaenda kwa mafundi wengine wasiokuwa na kikwazo hicho.

Tangu ajue maana hiyo huulinganisha na "Jolene" wa Dolly Parton wa mwaka 1973, ambamo pia mke yumo hatarini kumpoteza mume. Tofauti anayoibainisha ni ya msingi. Mke wa Kimarekani humsihi mwanamke mwenzake, mke wa Kasongo humwita mume mwenyewe. Wa kwanza, kwa maoni ya fundi, amepeleka kesi katika mahakama isiyohusika. Lakini ni kosa hilo hilo linaloupa "Jolene" nguvu, maana jina la mshindani, kwa kurudiwarudiwa, hugeuka sifa, na anayeomba hujidhalilisha kadiri anavyosifu. Katika "Kasongo" takriri ya jina ni ritifaa halisi: aitwaye hayupo, na kila mwito unathibitisha kutokuwepo kwake. Tungo mbili za muongo mmoja, zenye mbinu moja ya kutaja jina, zimefika penye maana mbili.

Hapa shabiki anaipinga kanuni yake mwenyewe bila kujua. Aliyedai kwamba maneno ni maiti amekubali kupoteza riziki kwa ajili ya maneno. Na kabla hajaituliza dhamiri yake, wimbo ulihama tena: mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya waliugeuza "Kasongo" kuwa jina la kumkejeli Rais William Ruto, na gitaa la miaka ya 1970 likasikika katika simu za watu ambao wazazi wao walikuwa watoto liliporekodiwa. Vijana hao hawakuhitaji tafsiri ya Kilingala, wala maharusi wa zamani hawakuihitaji. Fundi peke yake ndiye aliyeihitaji, na alipoipata haikumruhusu kuendelea kama kawaida.

Upungufu wa shabiki ni dhahiri. Hukumu zake hukoma karibu na mwaka 1985. Muziki uliofuata huuita kelele. Iwapo angeusikiliza "Tafsiri Hii" wa Kalamashaka, vijana wa Dandora waliovuma mwishoni mwa miaka ya 1990, angeisikia njaa ile ile ya "Lunchtime", isipokuwa sasa hakuna ofisi ya kutoka wala mwisho wa mwezi wa kungojea. Mapenzi yake kwa nyimbo za ujana yamemficha warithi wa nyimbo hizo.

Hata hivyo, upungufu huo hauondoi deni alilonalo uhakiki kwake. Idara za fasihi zimehifadhi, kwa kadiri zilivyoweza, majina ya watunzi na maneno ya tungo. Hazijahifadhi namna nyimbo zilivyosikilizwa: ni wimbo upi uliopigwa harusini na kwa sababu gani, ni upi ulioachwa, ni nani aliyecheza bila kujua maana na ni nani aliyeacha kucheza baada ya kuijua. Daudi Kabaka alifariki mwaka mmoja na Fadhili William, na wasikilizaji waliozinunua santuri zao zikiwa mpya ni wazee sasa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanza na hao, akienda kwao na daftari, akakubali kunyamaza mpaka wimbo uishe, ndipo aulize.